Siku Nyanya Aliposimama Mbele ya Gari la Mbio

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Kitale kwa daktari wa macho. Njiani tukapita gereji yenye gari lililovuliwa milango na boneti, vijana wameinamia injini. Harufu ya oili ikanifikia, nami, ndugu yangu, nikarudi kuwa msichana wa kijijini kwetu Matulo.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu karibu na Kitale. Mwaka huo nyanya, yaani mama yake, alimtuma auze maksai wetu mzee sokoni Bungoma anunue mwingine mwenye nguvu, kwa sababu mvua za kulimia hazikuwa mbali. Baba aliuza. Kisha akapanda Kitale, na Jumamosi akarudi akiendesha gari kuukuu lililokuwa likikohoa moshi. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama alimwuzia kwa bei ya ng'ombe.

"Ng'ombe ako wapi?" nyanya akauliza.

"Ndiye huyu, mama. Hali nyasi."

Hakuna aliyecheka. Baba akaeleza haraka haraka. Baada ya Krismasi madereva na mafundi wa mashamba wangeshindana mbio za magari katika shamba lililokwisha kuvunwa, na mwenye shamba ameahidi mshindi maksai wawili. Wawili! Lakini akishindwa, tungelima kwa mikono.

Uwanja wetu ukaanza kunuka petroli. Tulipepeta wimbi huku tukisikia nyundo. Jirani yetu, fundi aliyejifunza magari jeshini wakati wa vita, aling'oa milango, vioo na viti vya nyuma ili gari liwe jepesi. Mlango mmoja mama aliuchukua akafungia kuku. Breki za mbele zilikuwa zikikwama na kuvuta gari upande, basi fundi akazing'oa pia, akazitupa ndani ya debe.

"Na kusimama?" nyanya akauliza. Alikuwa akiambua maharagwe.

"Ya nini, mama? Si ni mbio! Umeona wapi mtu akishinda mbio kwa kusimama, bana?"

Hata mama alicheka. Nyanya akaendelea na maharagwe yake.

Lazima nikueleze jambo moja. Nyanya ndiye aliyewafundisha kazi ng'ombe wa boma letu. Ng'ombe mgeni, kabla ya kufungwa nira, aliachiliwa ateremke, naye nyanya akisimama mwisho wa shamba akimngojea. Asiyejua kusimama hakulima kwetu.

Siku moja kabla ya safari ya Kitale, baba alipandisha gari hadi juu ya mteremko, karibu na kanisa, ajaribu mwendo. Tulipogeuka tukamwona nyanya chini, katikati ya njia, amevaa kitambaa chake cheupe cha ibada na mikono ameikunja kifuani.

"Mama, toka njiani!"

"Linasimama?"

Baba akakawia. "Linasimama."

"Basi shuka. Na usije polepole kama mtu anayeleta maiti. Uje vile utakavyokwenda kule."

Fundi akashika kichwa. "Mama mzee, hii si ng'ombe!"

"Najua. Ng'ombe hunisikia."

Injini ikanguruma. Mama akaanza kuomba kwa sauti, akasahau maneno, akabaki kutaja jina la Bwana tu. Gari likaanza kushuka, vumbi likapanda, kokoto zikaruka. Nyanya hakusogea hata kidogo. Kisha tukasikia chuma kikilia, gari likaenda mshazari, kitako kikataka kutangulia kichwa, likauacha ule mstari wa njia na kuingia kwenye migomba. Migomba ikalala.

Baba akatoka, damu mdomoni, akamwendea mama yake kwa miguu.

"Halisimami, mama."

"Nimeona."

Fundi hakungoja kuambiwa. Alilileta lile debe la breki, akazirudisha, na siku nzima nyundo haikunyamaza.

Kesho yake wanaume wakaenda Kitale, nasi tukabaki tukiitazama barabara. Hakuna mvuke wa chungu wala wimbo ulioweza kunitoa pale. Baba alirudi jua likizama. Alikuwa wa tano. Maksai wakaenda boma la wengine. Mwaka huo tulilima kwa majembe, viganja vyangu vikapasuka, lakini aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari, akiimba na kugeuka kunitania, alikuwa baba.

Leo mteremko ule umejaa nyumba za matofali. Fundi hayupo, baba hayupo, hata migomba ya aina ile siioni tena. Siku hizi watoto wakisafiri tunawaambia kwenye simu waende salama, tunairudisha simu mfukoni.

Kanisani kisa kile kilisimuliwa miaka mingi kama ushuhuda wa imani, nyanya akisikiliza ameinamisha kichwa. Mwaka wake wa mwisho, nikimpaka mafuta miguuni, nilimwuliza. "Kukhu, hukuogopa? Hukutaka kutoka njiani?"

"Kutaka nilitaka, mwanangu. Tangu injini ilipolia. Miguu ilikataa."

Nami humshukuru Mungu kwa imani ya nyanya yangu. Kwa miguu ile humshukuru zaidi.