Tiketi ya Kwenda Tu

Msichana wa kaunta katika uwanja wa ndege wa Birmingham alitazama tiketi zetu, akanirudishia yangu, kisha akamuuliza mke wangu kama alikuwa na habari kwamba yake ilikuwa ya kwenda tu. Yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi.

"Nina habari," mke wangu akamjibu.

Nikamvuta kando. "Mama, wakala amekosea."

"Hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Kwa hiyo hurudi?"

"Sijui bado. Nitaamua nikiwa majini." Akainua mkoba wake. "Twende, bwana, unazuia foleni."

Ilikuwa Juni ya mwaka 2008. Tulikuwa tunakwenda Uholanzi kukodi boti kwa siku saba, safari niliyomwahidi tangu tulipokuwa tukiishi huko na ambayo sikuwahi kuitimiza.

Sisi ni Wasomali wa Kenya. Mimi mtu wa Isiolo, yeye wa Mombasa, na nyumbani lugha yetu ni Kiswahili kwa sababu Kisomali chake kilikuwa kikimchekesha mama yangu hadi machozi. Uholanzi tuliishi miaka tisa, katika mji mdogo kando ya mto Vecht. Mimi nilifanya kazi ya kupakia mizigo ghalani, na kulalamika. Yeye alijifunza Kiholanzi, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na alipotimiza miaka arobaini akajifunza kuendesha baiskeli, akianguka mbele ya majirani na kuinuka akicheka. Jioni za kiangazi tulikaa kwenye benchi la ukingoni tukiwatazama wazee wa Kiholanzi, mume na mke, wakipita taratibu na viboti vyao, vikombe vya kahawa mkononi, mbwa amelala juu ya paa.

"Siku moja na sisi," alikuwa akisema.

"Mwakani," nilikuwa nikijibu.

Kisha ikaja ile miaka ambayo Wasomali wa Uholanzi walikuwa wakihamia Birmingham, familia baada ya familia. Binamu yangu, aliyekwisha kuhamia huko mtaa wa Lozells, alinipigia simu kila wiki: misikiti iko jirani, nyama halali iko jirani, hakuna anayekukodolea macho ukicheka kwa sauti. Nikaamua. Siku ya Alhamisi nilirudisha funguo za nyumba yetu katika ofisi ya upangishaji, nikabaki na mmoja tu wa kumalizia wiki. Ijumaa, baada ya swala, ndipo nilipomwambia mke wangu. Baiskeli yake haikupata nafasi katika gari la mizigo, nikampa jirani bila kumuuliza mwenyewe. Sina wa kumlaumu. Binamu alisema sana, lakini hakunishika mkono.

Mimi Birmingham ilinipokea vizuri. Nilijifunza kuendesha basi, nikapewa njia ya Hodge Hill hadi mjini, tukapata na nyumba huko huko Hodge Hill. Vyeti vyake yeye havikutambuliwa, akaanza upya kwa kupiga deki hospitalini. Hakunisema hata siku moja. Alichofanya ni kuzungumza Kiholanzi na paka wa jirani, makusudi, nikiwa nasikia.

Mwaka huo wa 2008 binti yetu, ambaye alirudi Uholanzi kuolewa, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Ndipo mke wangu aliposema safari ya boti ni sasa, na tiketi atanunua mwenyewe.

Mwenye boti, Mholanzi mrefu aliyevaa viatu vya mpira, alitufundisha kwa dakika ishirini. Alieleza kwa Kiholanzi. Miaka tisa yote niliyoishi kwao sikuwa nimejifunza zaidi ya salamu na majina ya vyakula, lakini nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia kila neno. Alipouliza nahodha ni nani, hilo nililielewa, nikajipiga kifua.

"Ni yeye," mke wangu akamthibitishia. "Ana uzoefu wa basi."

Basi ukilikatisha kona, linakata. Boti hufikiri kwanza. Unageuza usukani, hakuna kitu. Unaongeza, hakuna kitu. Halafu ghafla inageuka yote kwa pamoja, na wewe umeshachelewa. Nusu saa haijapita nilikuwa nimeiingiza katikati ya matete, na bata wawili wanatutukana.

"Breki iko wapi?" nikauliza.

"Haina breki. Alisema, ukaitikia kwa kichwa." Akaweka kiganja mdomoni kama kipaza sauti. "Kituo hiki ni matete. Abiria, angalieni mizigo yenu."

Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Ng'ombe walikuwa malishoni chini kuliko sisi, jambo lililonitia wasiwasi kila nilipolifikiria. Watu waliokuwa wakinywesha maua yao walitupungia mkono. Tukitaka kuswali tulifunga boti ukingoni, na yeye ndiye aliyejua kibla kiko wapi, kwa sababu mimi kwa kona zile nilikuwa sijui hata Birmingham iko wapi.

Nilikuwa nimepanga kuwa mume mwema kwa siku saba. Nilipika chai. Nilitandika kitanda. Siku ya pili nilimletea chai ya tangawizi mbele ya boti, na biskuti mbili pembeni. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Hii chai ni ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi?"

Siku ya tatu tulipita mji wetu wa zamani. Benchi lilikuwa palepale, limepakwa rangi nyingine. Nikapunguza mwendo nipate kusimama.

"Pita," akasema.

"Hatushuki?"

"Pita. Ila polepole."

Nikapita polepole. Alikuwa anaitazama nyumba ya wazee alikofanya kazi, na hakusema mzaha wowote mpaka tulipofika daraja la pili. Hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Nilianza kuhesabu siku zilizobaki.

Siku ya tano tulifika kwenye lango la maji. Asiyelijua afikirie chumba cha kuta nne kisicho na paa, chenye milango mbele na nyuma. Boti inaingia, milango inafungwa, maji yanapunguzwa mpaka yalingane na mto wa mbele, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Mke wangu alikuwa ndani anakata vitunguu. Mimi nilichukua kamba ya mbele, nikaifunga kwenye nguzo ya chuma iliyokuwa juu ukutani, fundo juu ya fundo mara tatu, nikavuta kwa nguvu zote kama navuta breki ya mkono mlimani.

"Usiifunge!" akaniita kutoka dirishani. "Izungushe tu, uishike mkononi. Maji yanashuka."

"Mama, nahodha ni mimi."

Maji yakashuka. Boti nayo ilitaka kushuka, ila upande wa mbele haukuruhusiwa. Nyuma ikaendelea kuzama, mbele ikabaki inaning'inia. Vikombe vikateleza, sufuria ikafuata, vitunguu vikabingirika mpaka mlangoni. Juu, mlinzi wa lango akaanza kupiga kelele. Niling'ang'ania lile fundo na halikuwa fundo tena, lilikuwa jiwe. Mke wangu akatoka na kisu chake cha jikoni, amejishika kwa mkono mmoja kama anayepanda ngazi, akanisukuma kando na kuikereza kamba. Ilipokatika boti ilianguka kwa kishindo, maji yakaturukia, na mimi nikakaa chini bila kupenda.

Mlinzi alitutazama kutoka juu, akauliza kitu. Mke wangu akamjibu, wote wawili wakacheka sana.

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama wewe hufunga hivi kila kitu."

Mpaka leo sijui kama kweli yule mtu aliuliza hivyo.

Tulipotoka langoni aliifunga boti ukingoni yeye mwenyewe, kwa kipande cha kamba kilichobaki. Nguo zilikuwa zimelowa. Nikaona nikinyamaza na hapo, basi nisiseme tena maisha yangu yote.

"Uliniambia nisiifunge," nikasema.

"Nilikwambia."

"Zile funguo nazo. Nilizirudisha Alhamisi. Wewe nilikwambia Ijumaa."

"Najua. Karani wa ofisi ile mama yake nilikuwa namtunza mimi. Alinipigia simu Alhamisi hiyohiyo." Alikuwa anakamua maji kwenye mtandio wake. "Nilikungoja usiku mzima uniambie. Ukala, ukasifu mchuzi, ukalala."

Miaka saba nilikuwa nikidhani siri yangu ilidumu siku moja na haikumdhuru mtu. Nilimwambia nilimkosea. Nilimwambia si binamu, ni mimi, na kwamba niliogopa angekataa, ndiyo maana sikumuuliza. Nikamwomba msamaha, kwa maneno mabovu, meno yakigongana kwa baridi.

"Na baiskeli?"

"Na baiskeli."

"Baiskeli ndiyo iliyouma zaidi," akasema, na akaenda kuokota vitunguu.

Siku mbili zilizobaki aliendesha yeye. Hatukugonga kitu. Jioni ya mwisho aliniuliza, "Mbona huniulizi habari ya tiketi?"

"Siulizi."

"Inakuwasha?"

"Inaniwasha sana."

"Vizuri."

Kwenye mlango wa binti yetu, mjukuu akiwa begani, mke wangu alinipa hukumu yake. Nirudi peke yangu. Yeye atakuja akitaka, au hatakuja, na nikipiga simu nisimuulize ni lini.

Nilirudi. Nilijifunza kupika wali usioungua. Katika basi langu alikuwa akipanda kila asubuhi mzee mmoja Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, anayekaa kiti cha mbele kabisa ili apate kusema Kiswahili na mtu. "Mama amerudi?" aliniuliza Julai yote, Agosti yote. Mwezi wa Septemba nilishindwa, nikamuuliza mke wangu kwenye simu.

"Unakaza kamba, mzee," akasema. "Legeza." Akakata simu.

Sikuuliza tena. Kuwa kimya hivyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika nchi hii.

Asubuhi moja ya Oktoba nilisimama kituo cha mjini, mvua inanyesha, kuanza safari ya kurudi Hodge Hill. Mlango ukafunguka. Lilitangulia sanduku, kisha mtandio wa kijani ninaoujua.

"Umesimama mbali na ukingo," mke wangu akasema. "Nimekanyaga maji."

Foleni ilikuwa nyuma yake, ikabidi nifanye kazi yangu. "Tiketi gani?"

"Ya kwenda tu," akasema. "Mpaka Hodge Hill. Na baiskeli yangu mpya inakuja wiki ijayo. Itakaa koridoni na hakuna atakayeigusa."

"Hakuna atakayeigusa."

Mzee wa Kisumu alisogea kumpisha, akaunganisha viganja kumsalimia. Nikafunga mlango, nikakanyaga mafuta. Basi likanguruma, likatetemeka, halikwenda. Nikakanyaga tena.

"Mzee," nikamsikia mke wangu kutoka kiti cha mbele, "legeza breki ya mkono."