Chokaa kwenye Mashua ya Bati

Mashua ile ilikuwa ya aluminiamu, ndogo, ya watu watatu. Marehemu shemeji yangu aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Bagamoyo, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mjini hapakuwa na nyingine kama hiyo, na watu wakiiona walikuwa wakiuliza kama itapikiwa pilau ya maulidi. Shemeji alipofariki, ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya nyumba yake pale Dunda, kuku wakitaga chini yake.

Dada yangu alipotoka eda alinijia kazini. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mumewe. Walikubali aendelee kukaa mradi ajitunze mwenyewe. Akishindwa, angekwenda Kiwangwa kwa baba yetu mdogo, akalime mihogo. Dada hakuwahi kushika jembe maishani mwake.

"Nitengenezee mashua, mdogo wangu," aliniambia. "Wapo wavuvi wawili wataivulia, mimi nipate fungu la mwenye chombo. Sitaki kuondoka hapa."

Nilimwambia aondoe wasiwasi. Nilikuwa fundi wa vyombo, tena fundi mwenye maringo, na kazi niliifanya kwa moyo. Nilinyoosha mbavu zilizopinda, nikakaza ribiti zinazoshikanisha mabati, nikaziba nyufa, nikaweka viti vipya vya mninga. Halafu nikakoroga pipa la shahamu, mafuta ya mnyama na chokaa, kama tunavyopaka matumbo ya vyombo vyote yasiliwe na wadudu wa baharini. Wadudu gani wanaokula bati? Sikujiuliza. Chombo hakiendi majini bila shahamu, ndivyo nilivyofundishwa.

Dada alikuwa ametuletea kahawa, mimi na mafundi wenzangu. Akalitazama pipa, akasema taratibu, "Mdogo wangu, hiyo chokaa itaila. Niliwahi kuweka chokaa ya tambuu kwenye kisufuria cha bati kama hili, kikatoboka."

Wenzangu walicheka, nami nikaona nimeaibishwa mbele yao. "Dada," nikamjibu, "ya jikoni yaache jikoni."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye fundi." Akakusanya vikombe vyake akaenda zake, nami nikaipaka mashua tumbo zima.

Mwezi wa kwanza mashua ilikwenda vizuri, nami nikazidi kuvimba kichwa. Mwezi wa pili wavuvi wakalalamika kwamba wanachota maji mengi kuliko samaki. Mwezi wa tatu walirudi asubuhi kabla ya kutupa wavu, wakaiacha mchangani, wakasema hawapandi tena. Tuliipindua. Nilikwangua shahamu, na chini yake nikakuta unga mweupe. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikapita upande wa pili.

Watu walikuwa wameshakusanyika. Ningeweza kusema kweli palepale. Badala yake nikapaza sauti, "Bati la Kizungu hili! Halifai maji ya chumvi." Dada alikuwa amesimama nyuma yao, nami nilijua amesikia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lilivunjika la mkuu mwenyewe.

Mvua za masika zilipoanza, makuti ya nyumba yalikuwa yameoza na dada hana cha kuyabadilishia. Mashemeji hawakumfukuza, walikuja tu, wakakaa, wakanywa chai, wakauliza ana mpango gani. Alikwenda Kiwangwa na mafurushi mawili. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori, nikazungumza habari za barabara na matope.

Nilikawia mwaka mzima kumtembelea, na sababu ilikuwa aibu, si kazi. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha ya kweli, akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kuliko changu. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba radhi. Nilikuwa bado nayatafutia mwanzo, yeye akimenya mihogo, alipoingia mzee wa jirani, akitafuta fundi wa mlango wake uliovunjika.

"Ndiye huyu fundi?" mzee akauliza. "Dada yako hatupumzishi kwa sifa zako. Anasema mkono wako haujapata kuharibu kitu. Hata ile mashua, anasema, lile bati la Kizungu ndilo lililokuwa bovu."

Nilimtazama dada. Nafasi ya kusema kweli ilikuwa ile, na sikupata nyingine kama ile mpaka tulipomzika.

"Kweli, mzee," nikasema. "Lilikuwa bovu."

Na dada akaniitikia kwa kichwa, ili mzee aamini.