Mkono Chini ya Mpira

Filimbi ya sita ilipolia kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, mlinzi wa ghala alitoa daftari kwenye mfuko wa shati, akalamba ncha ya penseli, akaandika: "Saa kumi na nusu. Refa yule yule. Mtoto yule yule. Kubeba mpira." Kisha akayapigia mstari maneno "yule yule", maana kwake yeye hapo ndipo ulipokuwa ushahidi wote.

Getini walimwita Simama, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia kila aliyekanyaga pale, awe dereva wa lori au mwenye ghala mwenyewe. Alikuwa amelinda zamu ya usiku miaka kumi na tisa, na miaka hiyo ilimwachia imani moja tu, kwamba hakuna mtu anayepita na mfuko mtupu. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu, alijiuliza anataka nini. Asipomsalimia, alijiuliza anaficha nini. Mkewe alizoea kusema kwamba hata mvua ikinyesha, baba watoto lazima atoke nje kuuliza imetumwa na nani.

Jumamosi hiyo mshukiwa alikuwa refa. Siku za kazi refa huyo alikuwa karani wa malori yaliyoleta mizigo pale pale ghalani, na Simama alikumbuka vizuri sana kwamba mwaka juzi alimwamuru amwage mfuko wake wote chini, mbele ya foleni ya madereva. Zilitoka bukta, filimbi, na soksi zilizoshonwa vidoleni kwa uzi wa rangi nyingine. Madereva walicheka mpaka wakashika mbavu. Karani aliokota vitu vyake kimoja kimoja bila kusema neno, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikomkaa Simama moyoni.

"Si bure," alimwambia mkewe walipokuwa wakitoka uwanjani. "Yule ananilipizia kwa mtoto."

"Mtu akulipizie soksi kwa miaka miwili?"

"Wewe hujui watu."

Mawazo ya mkewe yalikuwa bado kwenye maneno ya mwalimu wa timu. Mwalimu alikuwa amewaita pembeni akawaambia waziwazi: Jumamosi ijayo wateuzi wa timu ya mkoa wangekuja, na nafasi ya mchezesha timu, yule anayepandisha mpira, ilikuwa moja. Binti yao alikuwa na kasi kuliko wote. Lakini akipigiwa filimbi sita tena, hawatamchukua, maana hakuna anayemtaka mchezaji anayepoteza mpira bila hata kunyang'anywa. Binti mwenyewe, kitinda mimba wa miaka kumi na sita, alisimama kando akivuta uzi kwenye pindo la jezi. Timu ya mkoa ndiyo aliyoilalia na kuiamkia tangu ana miaka kumi na mitatu.

Simama akaazima kitabu cha sheria kwa mwalimu. Alikisoma siku mbili, akitafuta ukurasa wa kumtia refa hatiani, akakuta jambo jepesi kuliko alivyopenda. Ukiwa na mpira unaruhusiwa kuudunda kwa mkono mmoja ukaenda nao utakako. Ukiushika kwa mikono miwili, au ukiuacha utue kiganjani ukatulia, kudunda kumekwisha, na kilichobaki ni pasi au kikapu. Ukidunda tena ni kosa, isipokuwa mpinzani ameugusa ukakutoka. Sheria hii aliielewa mara moja, kwa kuwa getini kwake pia lori likishatoka halirudi ndani kwa hati ile ile. Sheria haikuwa na ubaya. Basi ubaya ulikuwa kwa mtu.

Jumanne alikatiza usingizi wake, akaenda kuangalia mechi ya timu nyingine mbili, refa akiwa yule yule. Alikaa nyuma ya nguzo, kofia imeshuka usoni. Filimbi za kutembea na mpira zilikuwa tano. Za kudunda mara mbili zilikuwa tatu. Za kubeba, hakuna hata moja! Simama alifunga daftari akajisikia kijana tena. Amemkamata.

Alhamisi saa moja asubuhi, kabla hajakabidhi zamu, karani alifika na malori yake.

"Simama hapo. Fungua mfuko."

"Mzee wangu, mfuko huu umeukagua mpaka unaujua kuliko mimi."

"Jumanne umechezesha wasichana kumi uwanjani, hukuona aliyebeba mpira. Jumamosi binti yangu peke yake, filimbi sita. Nieleze."

Karani alimtazama kidogo, akaweka hati zake juu ya boneti.

"Kwa hiyo mtu wa nyuma ya nguzo alikuwa wewe."

"Nieleze, nimesema."

"Nyoosha kiganja. Sasa tuseme kuna mpira. Mkono ukiwa juu ya mpira ukausukuma chini, halali. Ukiwa ubavuni, bado halali. Ukiingia chini yake, ukaupokea, ukatulia nao hata kidogo, hapo umeubeba. Binti yako anaupokea kila unapopanda, kama mtu anayepokea yai. Nyingine naziacha zipite, mzee. Ningepiga zote, mechi isingekwisha."

"Unamwachia? Wewe?"

"Ndiyo, mimi wa soksi." Karani alicheka kidogo, na Simama akaona aibu, jambo lililomkasirisha zaidi. "Miaka yote sijaona mchezaji mwenye kasi ile anayedunda kama ananyata. Mwenyewe najiuliza, nani kamfundisha vile?"

Nani kamfundisha. Simama alikwenda nalo nyumbani, akalitafuna njia nzima. Kumbe alikuwa akimvizia mtu asiyehusika. Kama mtoto alifundishwa vibaya, yupo aliyemfundisha kwa makusudi. Halafu akakumbuka kwamba msichana anayekaa benchi, anayeisubiri nafasi ile ile, ni mpwa wa mwalimu. Akasimama katikati ya njia. Ilikuwa wazi kama mchana! Mwalimu, na yale maneno yake matamu, na kitabu alichokiazimisha bila hata kuuliza cha nini!

Ushahidi angeupata nyumbani, kwa sababu mazoezi ya ziada binti aliyafanyia pale baada ya shule, saa ambazo baba yake hulala fofofo. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba wa saruji uliokwenda mpaka mlango wa uani. Mtu akitaka kuingia kwa siri kumpotosha mtoto wa mwenzake, asingepata saa nzuri kuliko hizo.

Mchana huo Simama alijilaza, akageukia upande wa mlango, akajikoromesha. Kati ya pazia na fremu palikuwa na upenyo wa vidole viwili. Alilitega jicho lake hapo.

Saa tisa na nusu binti aliingia. Alivua viatu nje, akavibeba mkononi. Akachungulia chumbani, na Simama akaongeza mkoromo. Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo mwisho wa ukumbi, aliweka kidole mdomoni, naye binti akaitikia kwa kichwa. Simama akakaza jicho kwenye upenyo. Mpaka mke wangu yumo, alijisemea.

Binti alipiga magoti, akatoa mpira chini ya kabati, umefungwa kwenye sweta kuukuu. Akaanza kuudunda ukumbini, miguu mitupu, amejikunja. Simama alisubiri mwalimu aingie. Alisubiri mpwa wa mwalimu. Hakuna aliyeingia. Kisha akagundua kwamba mpira unakwenda chini na kurudi, chini na kurudi, na yeye, aliyelala hatua nne kutoka pale, hasikii kitu.

Akautazama mkono. Kila mpira ulipopanda, kiganja kiliingia chini yake, kikaupokea, kikaulaza, kisha kikauteremsha taratibu ili usiigonge saruji kwa kishindo. Ulikuwa mkono wa mtoto anayefunga mlango asimwamshe mtu.

Hapo Simama akaikumbuka siku moja, miaka mitatu nyuma. Alitoka chumbani na kisu cha jikoni, macho mekundu kwa usingizi, akamwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu: "Nikiusikia tena huo mpira, naupasua." Hakuusikia tena. Getini alijisifu kwa madereva kwamba kwake mtoto huambiwa neno mara moja tu.

Alibaki pale kitandani, mdomo wazi, amesahau kukoroma. Ukumbini mpira ukasimama.

"Samahani, baba," sauti ya binti ikapenya pazia. "Nimekuamsha?"

Simama alitoka. Binti alikuwa ameukumbatia mpira kwa mikono miwili, anamtazama mikono kama anatafuta kisu. Mke wake alishika shati lililokunjwa nusu.

"Kosa ni langu," Simama alisema. Maneno hayo yalimtoka kwa shida, kwa kuwa hakuwa na mazoezi nayo. "Dunda, mama. Dunda nisikie."

"Lakini utalala saa ngapi?" binti aliuliza.

"Hiyo niachie mimi. Mkono juu."

Alidunda. Nyumba nzima ikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Alidunda mpaka jua likazama, na Ijumaa akadunda tena, Simama akienda zamu na kurudi bila hata lepe la usingizi. Lakini siku mbili hazifuti miaka mitatu. Jumamosi refa alipiga filimbi ya kubeba mara nne, na wateuzi wakachukua msichana wa timu nyingine. Binti hakulia uwanjani. Alilia nyumbani, bafuni, na hata kulia alilia bila sauti, na baba yake akakaa nje ya mlango akisikiliza kimya hicho kwa uchungu ambao hakuwa na wa kumbandikia.

Wateuzi wangerudi mwaka mwingine. Tangu siku hiyo saa tisa na nusu mpira huanza, na Simama hujilaza mto juu ya kichwa, usingizi akiuibia asubuhi kidogo na jioni kidogo. Majirani hulalamika. Huwaambia waje na malalamiko yao getini, atawakagua.

Wiki ya tatu, alasiri moja, usingizi ulimpitia kwa uchovu. Alizinduka ghafla, kama mlinzi aliyesikia kitu, na kumbe hakuna alichosikia. Aliutupa mto, macho yakaenda kwenye upenyo wa pazia.

"Mbona kimya?" alifoka. "Mbona sisikii?"

"Nilidhani umelala, baba," binti alijibu kwa sauti ya chini, mkono umeshaingia chini ya mpira.