Fishi Iliyonuka Matope ya Sake

Kosa ni langu. Si la volkano, si la vita, wala si la Dokta. Inaniuma kusema hivi, maana mimi si mtu wa kukosea ovyo. Lakini nimechoka kujinusa.

Niacheni nijieleze kwanza, mjue nimeanguka kutoka wapi. Mimi sikubebwa na mtu. Nilitoka Goma mikono mitupu, nikabeba saruji Kampala mchana na kusoma jioni, mpaka nikapata diplome ya usimamizi wa hospitali. Mtaani kwetu Katindo sijamwona mwingine aliyerudi na karatasi kama yangu. Nilirudi na viatu vinavyong'aa, na nilitaka vionekane.

Dokta mmoja wa meno, muzee mpole, alinichukua. Kazi yangu ilikuwa kutayarisha fishi za wagonjwa, yaani karatasi za kumbukumbu za matibabu yao, siku moja kabla ya randevu, yaani miadi yao: kuzitoa, kuzisoma mbele na nyuma, na kumwambia Dokta kama kuna hatari. Mbele kuna jina na michoro ya meno. Nyuma ndipo Dokta alipoandika mambo ya kuogopa: nani ana sukari, nani sindano fulani humwangusha.

Kazi rahisi. Lakini, jamani, zile fishi!

Mlima ulipolipuka, kabla sijaajiriwa, na watu wakaambiwa wahame, fishi zilitiwa kwenye magunia zikakimbizwa Sake, mji wa jirani. Zilirudi zimelowa, zimeota ukungu, zimeshikamana kwa matope. Baadaye panya wakazaa humo na kuacha choo chao juu ya majina ya watu. Ukifungua gunia, harufu inakupanda puani kama mdomo wenye jino lililooza. Nilishika kila karatasi kwa ncha za vidole, nimevaa glavu, nimefunga pua.

Nikajiuliza: nimesoma ugenini nije kupangusa mavi ya panya?

Nikaamua kuonyesha usomi wangu. Nilimwambia Dokta kwamba nitaingiza fishi zote kwenye ordinateri, yaani kompyuta, na kutoa mpya, nyeupe. Alifurahi, akaniomba tu nisiharakishe. Niliharakisha! Zilizoachana nilizisoma pande zote. Zilizoshikamana nilinakili upande wa mbele peke yake, kisha nikazichoma nyuma ya nyumba.

Moja ya hizo ilikuwa ya mama nitakayemwita Mama Riziki. Naikumbuka kwa sababu wino mwekundu ulikuwa umepenya kutoka upande wa nyuma. Niliuona! Ningeweza kulowesha kona na kuibandua polepole. Lakini kwenye kona ile palikuwa na choo cha panya. Nikatema mate, nikaitupa motoni.

Siku ya randevu yake mabomu yalisikika upande wa Sake, na kila mtu alitaka kumaliza upesi arudi kwake. Mama Riziki ni mkulima aliyekimbia kijiji chake cha Kalengera katika uasi wa zamani, akabaki mjini. Alikuja shavu limevimba. Kabla hajaketi akaniuliza:

"Mutoto yangu, mulisoma fishi yangu?"

"Mama, kila kitu iko mu ordinateri," nikamjibu, nikimpungia karatasi yangu nyeupe. "Siku hizi hatufanye tena kazi ya kizamani."

Akatulia. Aliamini kwamba tunajua.

Dokta aliipokea fishi, akaitazama, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Akaniangalia juu ya miwani.

"Na nyuma ya ile ya zamani ulisoma?"

"Ndiyo, Dokta. Hakuna kitu."

Jino lilitoka bila shida. Damu haikukatika.

Mimi niliyechukizwa na choo cha panya nilisimama pale nikiangalia beseni linajaa. Pamba ziliingia nyeupe zikatoka zikidondoka. Damu ilishuka kidevuni, ikalowesha kitenge, ikaganda vipande vipande sakafuni, hadi kwenye viatu vyangu vinavyong'aa. Mama akawa anasinzia. Dokta alimpakia garini, vidole vyake vimebana pamba ndani ya mdomo wa mama njia nzima, huku barabara imejaa watu waliobeba magodoro. Hospitalini aliongezewa damu. Aliishi.

Ningesema ukweli siku ile, labda leo ningekula bila kuhisi kutapika. Sikusema. Niliposikia Dokta akiuliza ilipo fishi ya zamani, nilimjibu kwamba iliharibika wakati wa volkano, nyuma haikusomeka, nikaitupa. Hapa kwetu jibu hilo halina swali la pili. Volkano imechukua nyumba, imechukua maduka, nani atashangaa karatasi? Muzee wa watu akaanza kusema ni uzee wake umemfanya asahau mgonjwa. Akaacha kung'oa meno. Nami nilimwacha ajilaumu, nikaendelea kumwamkia kila asubuhi. Uchafu gani unaushinda huo?

Mama Riziki alirudi alipopona, amekonda, sauti yake ndogo. Hakuja kugombana. Alitaka kujua tu ilikuwaje. Dokta alikuwa amesimama mlangoni, nami nikarudia wimbo wangu: volkano.

"Volkano gani?" akasema. "Siku ya kukimbia Dokta alikosa watu wa kubeba; ile gunia ya fishi nilibeba mimi, kwa kichwa, mpaka Sake. Mvula ilinyesha, nikavua kitenge yangu nikafunika fishi. Na nilirudi nayo mpaka hapa. Dokta aliandikaka mbele yangu na biki nyekundu, kwamba kabla ya kutoa jino nipewe kwanza dawa ya kukata damu."

Matope niliyoyafungia pua yalitoka kwenye miguu yake na njia yake.

Dokta hakunitukana. Alinyoosha mkono, akaomba funguo. Nilipomkabidhi, alikwenda kunawa mikono kwa sabuni, akanawa muda mrefu, mgongo amenigeuzia. Hajaniamkia tangu siku ile.

Diplome yangu bado iko ukutani, safi, ndani ya kioo. Siwezi kuiangalia nikiwa nimekula.

Wewe unayetayarisha fishi za watu mahali popote, uwe umesoma kunishinda au hukusoma kabisa: iwe na matope, iwe na mavi, inuke namna gani, geuza karatasi. Na kama hukuigeuza, sema hukuigeuza, kabla mama wa watu hajafungua mdomo.