Kiungo Kisichong'aa

Ipo siku moja kule Oldonyo Sambu, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka uso unapata moto. Nitakusimulia kama ilivyokuwa, bila kujipamba, ingawa kujipamba ndiyo tabia niliyokua nayo.

Nivumilie kwanza kwa kukuita mwanangu. Ndevu zangu bado ni za kutafuta, na hapa Arusha wako wazee ambao wangenicheka wakisikia na mimi natoa nasaha. Lakini nimeambiwa unajifungia chumbani na redio mbovu, waya wa risasi wa kuyeyusha na chuma cha kulehemia, na kwamba ukiitwa kula unajibu "nakuja" halafu huji. Kwa hilo peke yake mimi ni mzee kwako. Njia hiyo nimeipita, na najua inapoishia.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Moshono, uani kwa mama mmoja mjane. Mchana nilitoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya shule. Nikirudi nilikaa mezani na bodi zangu, vile vibao vya ndani ya redio. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikaharibu vitu vingi kabla ya kuelewa jambo dogo tu: kwamba hupeleki risasi kwenye chuma, unapasha moto shaba kwanza, kisha risasi inakimbilia huko yenyewe. Ukiipata sawasawa inatandaa kama tone la maji na kung'aa. Mwanangu, unaijua raha ile. Kwa sekunde chache dunia nzima iko mahali pake.

Shida yangu ilikuwa pale isipong'aa. Kiungo, yaani pale risasi iliposhika, kikitoka na rangi ya majivu, hata kama kifaa kinafanya kazi, mimi sikuweza kulala. Nilikiyeyusha, nikakifuta, nikaanza upya. Nilitengeneza redio, taa za kuchaji, kengele ya mlango ambao haukuwahi kugongwa. Sikumwonyesha mtu hata kimoja, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimekamilika. Hakuna aliyeviona, kwa hiyo hakuna aliyevisema vibaya. Jumapili wapangaji wenzangu walikaa uani wakicheka na kusukana nywele, na mimi nilisubiri waingie ndani ndipo nitoke kuchota maji. Nilijiambia niko bize.

Sasa, Koko. Ndivyo tunavyomwita bibi sisi Waarusha. Huyu ni mama yake baba, na ndiye aliyenilea kule Oldonyo Sambu, upande ule wa nyuma wa Mlima Meru ambako upepo na vumbi ni ndugu wa tumbo moja. Masikio yake yalimwacha polepole. Zilianza kengele za mbuzi, ikafuata mvua juu ya bati, mwishoni tukafuata sisi. Krismasi moja nilimtazama tukiwa wote sebuleni, baba mdogo akisimulia vituko vyake. Koko alicheka baada ya wengine kucheka. Alikuwa anatazama nyuso zetu kwanza, ajue kama ni wakati wa kucheka. Watu hawakumchukia, usinielewe vibaya. Walichoka kurudia maneno. Walimpa chai, wakamgusa bega, wakaendelea na mazungumzo yao juu ya kichwa chake.

Siku ile nikainama sikioni kwake nikapiga kelele kwamba nitamtengenezea kitu cha kumrudishia sauti zetu. Akafurahi. Akawaambia wamama wote wa jumuiya.

Na nilikitengeneza. Kipaza sauti kidogo nilichong'oa kwenye simu iliyokufa, saketi ya kukuza sauti kutoka kwenye redio, betri, spika za masikioni, vyote ndani ya kisanduku cha sabuni. Kikafanya kazi mara ya kwanza. Nikakivaa nikasikia mjusi akitembea ukutani! Ningefunga kisanduku pale pale na kupanda gari la Namanga linalopita kwetu asubuhi yake, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia leo.

Lakini kilikuwa na mchemko. Sauti ndogo nyuma ya sauti nyingine, kama maziwa yanayotaka kuumuka kwenye sufuria. Nikasema siwezi kumpelekea Koko kitu kinachochemka. Nikafungua, nikalehemu upya, nikafunga, bado. Masika ikaja ikapita. Watu wakavuna mahindi. Mama mdogo, yaani mama Neema, mke wa baba mdogo ambaye anaishi na Koko, akawa ananipigia simu.

"Bibi yako anauliza. Kila gari likisimama barabarani anageukia mlango. Kile kitu vipi?"

"Bado kidogo, mama mdogo."

"Hiyo bado kidogo yako imeanza kuota mvi. Lete hivyo hivyo kilivyo, au mwambie mwenyewe kwamba hakuna. Mimi nimechoka kumdanganya kwa mikono."

Neno hilo, kumdanganya kwa mikono, lilinichoma. Jumamosi iliyofuata nikaenda. Chuma cha kulehemia nilikiacha mezani makusudi, nikijijua.

Nilimkuta Koko amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, anapukuchua maharage kwenye ungo. Nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja chake juu yake kama tunavyosalimiwa kwetu, na hakukiondoa haraka. Nikamvalisha spika masikioni, kisanduku nikakitundika shingoni kwa kamba, nikafungua sauti taratibu.

Alishtuka. Akatazama kuku. Akachota maharage, akayaachia ungoni, akachota tena, akayaachia. Alikuwa anayasikiliza. Humo jikoni mama Neema alikuwa akimwelekeza binti yake, hana habari: "Chai ya Bibi usimalizie sukari, mtilie kidogo tu, hajui tofauti."

"Najua!" Koko akasema. "Nimejua muda wote!"

Tukasikia mfuniko wa sufuria umeanguka. Mama Neema akatoka na mkono mdomoni, Neema nyuma yake, na tukacheka wote mpaka mbwa akabweka. Na Koko alicheka pamoja na sisi, mwanangu. Hakucheka baada yetu. Pamoja.

Hapo ndipo aliponigeukia. Yeye huchanganya Kimaasai na Kiswahili. Nakuandikia kwa Kiswahili chote.

"Haya. Sasa sema."

"Jaribio, jaribio," nikasema. "Moja, mbili."

"Hivyo ndivyo anavyosema yule kijana wa spika kanisani. Wewe sema."

"Betri hii, Koko, ukiona sauti imepungua…"

"Ya betri ataniambia mama Neema. Unaishije huko mjini? Unakula na nani? Wanakuitaje?"

Miezi mingi nilikuwa nimeinama juu ya kile kisanduku ili aweze kunisikia, na sikuwahi kujiuliza atasikia nini. Siku zangu zote zilifanana. Nilikula nimesimama. Jina langu hapo uani hawakulijua, walisema "yule wa chumba cha mwisho". Koko akaendelea kunitazama, mkono mmoja umekishika kisanduku kifuani kama mtu aliyeshika kikombe akisubiri kumiminiwa.

"Kuna mchemko," nikasema. "Ngoja nikurekebishie."

"Mimi sisikii mchemko wowote."

"Upo, Koko. Kuna kiungo kimoja hakijakaa vizuri. Sasa hivi tu."

"Kama upo, uache uwepo."

Lakini nilikuwa nimeshamvua. Unaona nilivyokuwa? Niliona afadhali nikae na bodi kuliko nikae na macho yake. Chuma sikuwa nacho, basi nikafanya kama nilivyofanya utotoni kabla sijawahi kushika chuma cha kununua: nikachukua msumari mrefu, nikauchomeka kwenye makaa ya mama Neema mpaka ukawa mwekundu, nikaushika kwa koleo. Nikafungua kisanduku. Kiungo kile cha rangi ya majivu kilikuwa kinanitazama. Nikakigusa.

Chuma cha kulehemia kina moto wa kiasi. Msumari wa jikoni hauna kiasi. Risasi iliyeyuka, ikang'aa vizuri kuliko nilivyowahi kuona, na chini yake kile kipande chembamba cha shaba kikabanduka kutoka kwenye bodi, kikajikunja kama ganda la kitunguu. Nilisikia harufu kabla ya kuelewa. Baadaye sana nilikuja kugundua kwamba mchemko ulitoka kwenye kipaza sauti chenyewe, kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi. Kiungo kile hakikuwa na kosa lolote. Kilikuwa kibaya cha sura tu.

Koko alikivaa mwenyewe. Akachota maharage, akayaachia. Akanitazama.

"Kimekufa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilitegemea ahuzunike, au aseme si neno. Akavua zile spika, akaziweka ungoni juu ya maharage, akanivuta sikio kama mtoto mpaka mdomo wangu ukafika sikioni kwake.

"Basi niambie hivi hivi. Kwa nini huji?"

"Kazi ni nyingi," nikasema.

"Nini?"

"Kazi ni nyingi, Koko."

"Nini?"

"KAZI NI NYINGI!"

"Jumapili pia?"

"HUWA NIMECHOKA!"

"Nini?"

Mwanangu, sijui kama umewahi kumdanganya mtu asiyesikia. Uongo wa kunong'ona ni mwepesi. Lakini ukitakiwa kuupigia kelele, ukaurudia, ukaurudia tena, pumzi inakuishia, na unasikia mwenyewe jinsi ulivyo mdogo. Mara ya mwisho alipouliza "nini?" sikuwa na uongo mwingine uliobaki. Kilichotoka kilitoka kwa sauti ile ile ya kazi ni nyingi.

"SINA MTU, KOKO! NAKAA PEKE YANGU! NAOGOPA WATU WAKINIJUA WATAONA SIWEZI KITU!"

Ng'ambo ya ua jirani yetu mzee Lomayani alikuwa anapigilia nguzo za boma lake, nyundo ikasimama.

"Tumekusikia, kijana!" akaita. "Pole!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kitu nilichokificha Moshono kwa miaka, nisichokiandika hata kwenye simu yangu, sasa kilijulikana mpaka na mbuzi. Mama Neema akajifanya anatafuta mfuniko ambao alikuwa ameushika.

Koko hakucheka. Alinishika kidevu.

"Mimi masikio yangu Mungu ameyachukua, sina wa kumlaumu," akasema. "Wewe yako mazima, unayaziba kwa waya. Kwa nini unijaze sauti za kuku, halafu yako unaificha? Nilikaa mlangoni nikingoja wewe. Kisanduku ningekingoja cha nini? Ungekuja mikono mitupu, ukakaa hapa, ukapukuchua maharage, ningekuona. Macho ninayo."

Kisha akanisogezea ungo. Nikapukuchua. Tulipukuchua pamoja mpaka jioni ilipoingia na mlima ukafunikwa. Sitakuambia kwamba nilijisikia nimepona. Nilijisikia mtu aliyevuliwa shati kwenye baridi. Lakini nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mtu anayelijua lile baya langu, na bado alikuwa ananisogezea maharage.

Niliporudi wiki iliyofuata nilikuwa nimeunga pengo la ile shaba iliyobanduka kwa kipande cha waya, kimekaa upande, kibaya hata kukitazama. Koko alikivaa kisanduku kanisani. Alirudi akilalamika kwamba kwaya siku hizi inaimba vibaya, na kwamba mwinjilisti anajirudia. Sasa masikio yake yamekwenda zaidi na hata kile kisanduku hakimsaidii sana. Nikipanda Jumamosi nampigia kelele tu, na mzee Lomayani anajua habari zangu zote. Moshono bado nakaa peke yangu. Siku nyingi chumba ni kile kile, na ule woga haujahama. Ila sasa nachota maji watu wakiwa uani, na wananiita kwa jina.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitu kikifanya kazi, kifunge umpelekee mwenyewe, hata kama kinachemka. Aliyekungoja hatafungua kisanduku kukagua viungo vyako. Na ukijikuta unarekebisha kilicho kizima, weka chuma chini ujiulize ni nani unayeogopa kumtazama. Endelea kulehemu, siwezi kukunyang'anya raha hiyo, nami sijaiacha. Lakini ufundi wako usiwe mlango wa kujifungia. Na jambo lile unaloliona aibu, liseme mapema kwa anayekupenda, kabla halijafikia kupigiwa kelele.

Mungu akutunze huko uliko. Akupe vidole visivyoungua na macho ya kufuata waya mwembamba. Akupe na mtu atakayekuuliza "nini?", na akuulize tena, mpaka useme kweli.