Maji Chini ya Dirisha la Mama

Kioo au akriliki? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima, utadhani kuna mtu angekufa nikikosea. Tangi lilikuwa la mama. Nilitaka liwe refu, lijaze ukuta wote chini ya dirisha la sebule yake kule Siakago, ili akiketi kunywa chai awaone samaki na maji.

Mama alizaliwa huku Meru, katika boma lililo juu ya mto. Akaolewa Siakago, upande wa Mbeere, kwenye mito iliyokauka ikabaki mchanga, na sijawahi kumsikia akilalamika. Ila nilipokuwa mdogo, mvua ikinyesha, aliacha kila kitu akasimama mlangoni kusikiliza maji yakimwagika kutoka kwenye mabati. Sasa baba hayupo na nyumba imenyamaza. Mimi nimekodi chumba Majengo, hapa Meru, karibu na mto anaoutamani yeye, nikimkumbuka yeye.

Akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa, ni nyepesi na haipasuki ovyo. Ingefika nyumbani salama hata kwa barabara mbovu. Lakini hukwaruzika upesi. Kioo hakikwaruziki kirahisi, ila ni kizito, na akilini nilikwisha kukiona kikipasuka njiani, kikipasuka sebuleni, samaki wakirukaruka kwenye zulia, mama akiteleza. Mawazo yangu yalifika hadi mazishini.

Mwishowe nikampigia simu.

"Mama, vioo vya kabati ya vyombo unavisafisha na nini?"

"Baba, ulisoma chuo ndio uje kuniuliza hivyo?" Huniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. "Na majivu. Kwani watu husafisha na nini?"

"Na tangi la samaki likija?"

"Majivu. Nitalisugua mpaka wajione."

"Na ukiambiwa usisugue?"

"Na nani? Katika nyumba yangu?" Akacheka, kisha akauliza: "Hayo maji yatakuwa na sauti?"

"Kuna pampu. Yatakuwa na sauti kidogo."

"Kidogo inatosha, baba."

Alipokata simu nilibaki nimekaa kitandani. Nisingeweza kumkataza kusugua, na hata ningeweza, nisingetaka. Kabla ya mwaka kwisha akriliki ingekuwa ukungu mtupu, naye angetazama maji yake kama mtu mwenye mtoto wa jicho.

Asubuhi nilienda kwa fundi wa vioo karibu na soko la Gakoromone. Nikamwuliza kama kioo kinene kitafika Siakago. Akasema kitafika. Nikamwuliza tena.

"Kijana, unanunua kioo ama unakioa?"

Nikamwambia akate vipande bila kuviunganisha. Vilisafiri vimelazwa katikati ya magodoro kwenye pikapu, fundi mwenyewe akiwa kando yangu, na kwa kila shimo la barabara niligeuka kuvitazama. Kisha akaviunganisha kwa gundi ya silikoni pale pale sebuleni, chini ya dirisha.

Gundi ilihitaji siku kadhaa kukauka kabla ya kutia maji, nikamweleza mama. Alivuta kiti chake akaketi mbele ya tangi tupu na kikombe cha chai, kana kwamba hakunisikia. Baadaye akaleta kitambaa na majivu.

"Upande wa nje tu, mama," nikamwambia, nikaenda nje kuangalia kama tangi la kukingia maji ya mvua lina ya kutosha kulijaza la samaki.