Kuonja Chakula cha Papa

"Papa yako iko na kosa gani?"

Jirani yetu aliniuliza hivyo asubuhi ya kwanza, beseni lake la samaki bado kichwani. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sheria chuo kikuu, na nyumbani walikuwa wamezoea kunicheka kwa maswali yangu yasiyokwisha. Swali lake lilikuwa langu pia. Watu wenye bunduki walimchukua papa, baba yangu, uani alfajiri, alipokuwa anatawadha, na hawakutaja kosa lolote.

Kilichotangulia tulikijua sote. Kwetu Mangobo, mjini Kisangani, tuna uwanja mmoja wa mpira. Kanisa moja lilipewa ruhusa ya kuhubiri pale Jumapili, na msikiti wetu ukapewa ruhusa ya kuukaribisha mwezi wa Ramadhani pale pale, Jumapili hiyo hiyo. Vijana wakarushiana mawe, mtu akachoma mikeka ya msikiti. Papa, mwalimu na kiongozi wa chama cha upinzani mtaani kwetu, alisimama mbele ya watu akasema kwamba uwanja ulitolewa na serikali mara mbili kwa makusudi, ili tuchukiane na tusahau kuulizia maji ya bomba. Jioni redio ikasema anachochea vita vya dini.

Kwetu serikali haimpikii mtu aliyefungwa. Familia inaleta chakula, na askari wa mlangoni anamwamuru aliyekileta akionje mbele yake, kisiwe na sumu. Chakula kikipokelewa, unajua mtu wako yuko ndani na yuko hai. Hatukuwa na njia nyingine ya kujua. Hatukuruhusiwa kumwona, na hakuna hakimu aliyekuwa amemwona.

Mlango wa jela alikowekwa papa ulipokea chakula adhuhuri tu. Mama alikuwa amefunga.

"Onja, mama," askari alisema.

"Niko nafunga. Yeye pia iko nafunga. Atakula magaribi."

"Bon, sawa. Kama hauonje, mimi sipokee."

Tangu mwezi uandame, mama alikuwa hasemi nami vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeacha kufunga. Nilimwambia siwezi kushinda na njaa kwa ajili ya jambo ambalo sina hakika nalo. Sasa alinitazama, akafungua bakuli la lituma, ndizi zile zilizopondwa pamoja na mafuta ya mawese, akanisogezea kijiko.

"Onja, weye."

Askari akacheka. "Huyu hafunge? Mutoto wa muislamu?"

"Huyu anauliza maswali kwanza," mama alisema. "Akimaliza, atafunga."

Nikaonja lituma, nikaonja na samaki. Kisha nikamwambia askari kwamba katiba hairuhusu mtu kuwekwa ndani zaidi ya saa arobaini na nane bila kufikishwa mbele ya hakimu.

"Katiba iko Kinshasa, mademoiselle," alijibu. "Hapa ni Kisangani. Ongeza samaki, ulionja kidogo."

Basi kazi yangu ikawa hiyo. Asubuhi nilizunguka ofisi za mjini nikiuliza papa anashitakiwa nini, na kila ofisi ilinielekeza kwa nyingine. Adhuhuri nilikuwa mlangoni na kijiko. Mama alianza kunibakizia chakula cha mchana nyumbani.

Kisha ikafika siku askari alipolisukuma bakuli bila kulifunua.

"Haiko hapa tena. Rudisheni chakula yenu."

"Mulimupeleka wapi?" niliuliza.

"Mimi niko mulinzi wa mulango, siko mulinzi wa watu."

Watu walikuwa wamepotea namna hiyo mjini kwetu, na mama alijua. Hakulia. Alitandika kitenge chini, mbele kabisa ya lango, magari yasiweze kupita, akaketi. Nikaketi kando yake. Jua lilikuwa kali, na mama hakuwa amekunywa hata tone la maji. Baadaye kidogo jirani yetu wa samaki akatukuta. Ni mtu wa jamii ya wavuvi wa maporomoko ya mto, Mkatoliki, na tangu yale mawe kuna watu wa parokia waliomwambia asionekane nasi. Alitua beseni lake akaketi upande wa pili wa mama.

"Ondokeni hapa," askari alisema.

"Mwenye kutufukuza anunue samaki yote kwanza," jirani alijibu.

Wapita njia wakaanza kusimama, wengine kwa ajili yetu, wengine kwa ajili ya samaki. Mtu akauliza ni wa leo au wa jana. Umati ukakua. Afisa mmoja akachungulia nje, akarudi ndani. Tulikaa mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia, ndipo askari akaja.

"Aya. Leteni ile chakula."

Mama hakutoa. "Kwanza munipatie bakuli ya jana."

Lililetwa, limeoshwa safi, maji bado yanachuruzika. Papa haachi sahani yake ikiwa chafu, na sijaona askari akimwoshea mfungwa bakuli. Mama aliligusa ndani kwa vidole, kisha akanipa kijiko.

Walimwachia baada ya Idi, siku moja mchana, bila hakimu wala maelezo. Nilimwuliza papa kosa lilikuwa nini, akasema niwaulize wao. Nikaendelea kuwauliza.

Mwaka jana, pikipiki ya teksi ilikuwa inanipeleka upande wa Simi-Simi, na dereva akauliza kama si mimi yule binti wa kijiko. Alikuwa amefungwa chumba kimoja na papa, kwa kosa la taa mbovu ya pikipiki. Aliniambia kwamba tangu siku ya kwanza papa angeweza kurudi nyumbani, kama tu angekubali kusema redioni kwamba mikeka ya msikiti ilichomwa na mtoto wa kwanza wa jirani yetu wa samaki. Walimwuliza kila jioni, na kila jioni alikataa.